Fumba Jicho, Usilitoboe

Wazazi walioko ughaibuni huniuliza swali moja kwa namna nyingi. Mmoja anataka kujua kama mtoto anayeanza shule azungumzishwe Kiswahili nyumbani au aachwe kwanza Kiingereza kikolee. Mwingine haulizi, anajitetea: mwalimu alituambia tusimchanganye mtoto. Wa tatu anacheka tu, ananisimulia kwamba mwanawe akipigiwa simu na bibi yake anapunga mkono mbele ya kioo cha simu, kisha anamrudishia mama na kwenda zake. Kicheko hicho nakijua, na si cha furaha.

Leo sitajibu kwa mifano ya kwetu. Sisi bado tuko njiani, na aliye njiani hajui atakakolala. Nitajibu kwa watu waliokwisha kufika: Waholanzi waliohama nchi yao baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Watoto waliobebwa melini siku zile leo ni wazee, na wajukuu ni watu wazima. Hesabu yao imeshafungwa, tunaweza kuisoma hadi mstari wa chini.

Kwanza ondoa dhana kwamba Mzungu huhama kwa matembezi. Uholanzi ilikaliwa na jeshi la Ujerumani tangu Mei 1940 hadi Mei 1945. Rotterdam, bandari yao kuu, ilipigwa mabomu tarehe 14 Mei 1940 na katikati yake pakateketea. Majira ya baridi ya mwisho ya vita chakula kilikatika katika miji ya magharibi. Watu wapatao 20,000 walikufa, na walionusurika walikula matunguu ya tulipu, ua lile lile ambalo watalii huenda kulipiga picha. Walikula pia biti za sukari, mizizi minene ambayo Ulaya hukamua sukari badala ya miwa. Amani ilipokuja haikuja na nyumba. Vijana waliooana waliishi chumba kimoja kwa wakwe, miaka ikapita. Indonesia, koloni walilolitegemea kwa vizazi, ikawatoka rasmi Desemba 1949, na malaki ya watu wakaanza kurudi kutoka huko kuja kugombea vyumba vile vile. Mkulima mwenye watoto watano wa kiume alikuwa na shamba la kumtosha mmoja.

Waziri Mkuu Willem Drees, katika hotuba yake ya mwaka mpya 1950, aliwaambia wazi kwamba sehemu ya taifa lazima ithubutu kutafuta maisha katika nchi kubwa kuliko yao. Drees huyo huyo ndiye aliyewaanzishia wazee malipo ya uzeeni mwaka 1947, kwa hiyo waliobaki walikula pensheni yake na walioondoka walifuata ushauri wake. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kingo kusini-magharibi mwa nchi, ikaua watu 1,836. Aliyekuwa anasitasita akapata sababu.

Katika miongo miwili na ushee baada ya vita, karibu watu nusu milioni waliondoka, kutoka taifa ambalo mwaka 1950 lilikuwa na watu milioni 10 hivi. Walikwenda Kanada, Australia, Marekani, New Zealand, Afrika Kusini.

Ukitaka kuijua familia ya namna hiyo, itazame ikifunga mzigo. Serikali ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, ikaweka kikomo cha pesa ambazo mhamiaji angetoka nazo. Basi watu wakageuza akiba yao kuwa vitu. Seremala aliitwa, akapima, akatengeneza kasha la mbao ambalo mtu mzima angeweza kusimama ndani yake. Wenyewe waliliita kist. Humo ziliingia baiskeli, cherehani, kabati la vyombo, mablanketi, saa ya ukutani, viatu vya mti vya kuvaa shambani. Jina la baba lilipakwa rangi ubavuni pamoja na bandari ya kushukia. Huko lilikokwenda kasha halikutupwa: wengi walilifanya banda la kuku au ghala la zana, na wapo waliolala humo miezi ya mwanzo.

Meli zenyewe zilikuwa na majina ya nyota. Groote Beer ni Dubu Mkubwa, Zuiderkruis ni Msalaba wa Kusini. Zilikuwa zimeundwa Marekani wakati wa vita kwa kazi za vita, si kwa kubeba mama mwenye ujauzito na watoto sita wanaotapika. Gatini Rotterdam babu na bibi walisimama na leso, wakijua hesabu ambayo hakuna aliyeitamka. Nauli ya kuja kusalimia haikuwepo. Wengi wao hawakuonana tena.

Halifax, Kanada, walishukia Gati Namba 21, ukumbi mrefu wenye mabenchi, na maofisa wa forodha waliwanyang'anya soseji walizoficha kwenye mizigo. Lugha hakuna aliyewanyang'anya. Waliitoa wenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mpango wa Kanada ulikuwa kwamba mkulima mhamiaji awe na mdhamini, mwenye shamba atakayempa kazi na pa kulala, kwa kawaida mwaka mmoja. Wengine walikwenda Ontario kukamua ng'ombe, wengine Alberta kupalilia biti za sukari, biti zile zile walizokula wakati wa njaa. Baba aliyekuwa na ng'ombe wake akawa kibarua wa mtu. Mama, katika nyumba ya mbao yenye upepo, maili kadhaa kutoka kwa jirani, hakuwa na wa kuzungumza naye mchana kutwa. Watoto ndio waliopelekwa shule, na wao ndio walioleta Kiingereza nyumbani jioni, kama vile mtoto wa kwetu anavyoleta mafua.

Shuleni Jan akawa John. Hendrik akawa Henry. Kees, ambalo ni kifupi cha Cornelis, likaandikwa Case. Hakuna aliyelazimisha kwa bakora. Mwalimu alishindwa tu kutamka, mtoto akachoka kusahihisha. Kisha ukaja ushauri, kwa nia njema kabisa, kutoka kwa walimu na majirani: zungumzeni Kiingereza nyumbani, watoto watasonga mbele. Wazazi wengi wakatii. Walikuwa watu wa bidii, na walilichukulia jambo hili kama kazi nyingine ya kumaliza mapema.

Fikiria kilichotokea mezani. Huyu ni mwanamume ambaye kwa Kiholanzi angeweza kuvunja mbavu za watu kwa kisa cha ndama aliyezama mferejini. Angeweza kubishana na mchungaji juu ya mahubiri ya Jumapili na kumshinda. Angeweza kumkanya mwanawe kwa maneno laini yanayouma kuliko kofi. Sasa anaamua kuzungumza na wanawe kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha zizini: ndoo, lango, haraka, acha, njoo. Watoto wakakua na baba wa maneno mia mbili. Wakadhani ndivyo alivyo, mtu mkavu asiye na mzaha. Kumbe mtu mwenyewe alikuwepo, mzima, upande wa pili wa meza, ila kwa lugha ambayo aliwanyima kwa kuwapenda.

Mtoto akishakuwa hodari wa lugha kuliko mzazi, huona haya. Humsahihisha mama dukani mbele ya watu. Huomba asije shuleni siku ya wazazi. Nasaha yangu ya kwanza iko hapo, ndugu msomaji: heshima ya mzazi haikai katika lugha anayoikwaruza. Ukitaka mwanao akuheshimu, mfundishe nyumba unamoishi wewe kwa ukamilifu wako.

Waswahili tuna methali kwamba ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wapo wanaoisema "vunja lako jicho". Mimi nilifunzwa fumba, na nimeshikilia hiyo. Anayefumba anaweza kufumbua akirudi chumbani kwake. Waholanzi wengi hawakufumba. Walitoboa. Michael Clyne, mtaalamu wa isimu wa Australia, aliwachunguza kwa miaka mingi, na picha iliyotokea ni kwamba kati ya jamii kubwa za wahamiaji nchini humo, Waholanzi walikuwa mstari wa mbele kuiacha lugha yao na kuingia Kiingereza. Kizazi kimoja tu kilitosha.

Usiniambie ni kwa kuwa hawakuwa na umoja. Wakalvini miongoni mwao walijenga makanisa yao na hata shule zao Kanada nzima, kwa michango ya watu waliokuwa bado wanadaiwa trekta. (Wakatoliki waliambiwa wajiunge na parokia zilizokuwepo, wakayeyuka mapema zaidi.) Lakini baada ya miaka michache ibada nazo zikahamia Kiingereza, kusudi vijana wasikimbie. Kanisa lilihifadhi imani. Lugha lilishindwa kuihifadhi, na wala haikuwa kazi yake. Kwa hiyo wewe unayetegemea kwamba sherehe ya jumuiya mara moja kwa mwaka, yenye pilau na kanga, itamfundisha mtoto Kiswahili, jihesabie upya.

Kuna jambo la rangi ambalo lazima nilitaje, maana pasipo hilo mfano huu utatupotosha. Mholanzi alipoacha lugha na kubadili jina, alipata alichokinunua. Australia ya siku zile ilikuwa na sera ya kutaka watu weupe, na Mholanzi mweupe alipokelewa hadi akaitwa mhamiaji asiyeonekana: baada ya muda mfupi hukuweza kumtofautisha mtaani. Lakini raia wa Uholanzi waliotoka Indonesia, wenye damu ya pande mbili, walitazamwa rangi ya ngozi kwanza, na wengi walikataliwa. Walikuwa na pasipoti ile ile na lugha ile ile. Sasa wewe na mimi tuko upande gani wa mizani hiyo? Mtoto wako akiacha Kiswahili chote, akaongea Kiingereza kama msomaji wa habari, bado ataulizwa kwenye foleni ya basi kwamba yeye hasa anatoka wapi. Atakuwa amelipa bei ya Mholanzi bila kupewa bidhaa ya Mholanzi. Na atakapogeuka kutafuta jibu la swali hilo nyumbani, atakuta nini?

Tuje kwenye uzee, maana huko ndiko deni lilikodaiwa.

Mzee anapopatwa na maradhi ya kusahau, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani huanza kumponyoka kabla ya ile aliyonyonya nayo. Wahamiaji wa miaka ya 1950 walipofika miaka themanini, jambo hili likaonekana katika nyumba nyingi za Kanada na Australia. Mama aliyezungumza Kiingereza kwa miaka hamsini anaamka asubuhi moja akiomba kitu kwa Kiholanzi. Binti yake, aliyezaliwa Ontario, amekaa kando ya kitanda. Anampenda mama yake na yuko tayari kumpa chochote duniani. Hajui anaombwa nini. Anamletea maji, siyo. Anamfunika blanketi, siyo. Anaita muuguzi, na muuguzi naye ni Mfilipino au Mjamaika, anatabasamu kwa huruma. Mama anaona anasemeshwa na mgeni, anaogopa, anarudia neno lile kwa sauti kubwa zaidi.

Sikusimulii mkasa wa mtu mmoja. Ni jambo lililozoeleka, na wahamiaji wenyewe walilijua kiasi cha kujenga nyumba za wazee wao. Iliyoko Brampton, karibu na Toronto, inaitwa Holland Christian Homes. Waliosema haidhuru lugha gani ujanani wakawa wanatafuta uzeeni mahali ambapo mtu ataelewa wakisema wanasikia baridi.

Waswahili tunasema mwacha asili ni mtumwa. Sipendi kuitumia methali hiyo hapa, na wanaoitupa usoni mwa wahamiaji huwa wananiudhi. Waholanzi hawa hawakuwa watumwa wa mtu. Walijenga mashamba, walisomesha watoto hadi vyuo vikuu, hawakuomba msaada. Kosa lao halikuwa utumwa wala usaliti. Walidhani kila lugha ina nafasi yake kichwani kama kiti, kwamba mmoja akikaa mwingine asimame. Leo tunajua mtoto hubeba lugha mbili au tatu bila kuumia. Mtoto yeyote wa Tanga au Kisumu angeweza kuwaambia hivyo. Hata miongoni mwao waliotoka Friesland walijua, maana Kiholanzi chenyewe kwao kilikuwa lugha ya shule, na nyumbani walizungumza Kifrisi. Na wewe labda lugha ya mama yako ni Kichaga au Kikamba. Ninayoyasema juu ya Kiswahili yaseme juu ya hiyo.

Neno moja kwa waliobaki nyumbani. Uholanzi iliyowafukuza watu kwa umaskini haikudumu katika umaskini. Mwaka 1959 iligunduliwa gesi nyingi chini ya mashamba ya Slochteren, mkoani Groningen. Viwanda vikapanda, mishahara ikapanda, kingo mpya za bahari zikajengwa. Waliohama waliporudi kusalimia, walimkuta ndugu aliyebaki ana gari zuri kuliko wao. Walikuta makanisa matupu, na vijana wakitabasamu kusikia Kiholanzi chao cha mwaka 1952, chenye maneno yaliyokwisha kuzikwa. Sheria nayo ilikuwa imewavua uraia waliochukua uraia wa ugenini. Wengine walirejea kabisa, na waliorejea waligundua kwamba hakuna anayetaka kusikia habari za Alberta zaidi ya dakika kumi.

Ndugu yako akija likizo, basi, usimpokee kwa kumkagua. Usimcheke mwanawe anaposema "kitabu yangu" au "mtoto kubwa". Mtoto huyo amejaribu, na ukimcheka leo kesho atanyamaza, nawe utakuwa umemaliza kazi aliyoianza mwalimu wake wa huko. Msahihishe kwa kuisema sentensi ile ile vizuri, kisha endelea na mazungumzo kama kwamba hakuna kilichotokea. Na baba yake mwache asimulie habari za theluji, hata kama umezisikia.

Nilisoma mahali fulani orodha ya vitu ambavyo wajukuu wa Kiholanzi bado wanavyo, nikatabasamu. Babu wanamwita opa, bibi oma. Wanapenda peremende nyeusi za chumvi ambazo mtu mwingine angezitema. Chooni, ukutani, wametundika kalenda ya siku za kuzaliwa za ukoo mzima, kama ilivyo desturi ya Uholanzi, ili mtu akikaa pale akumbuke nani wa kupigiwa simu. Wana nomino, lakini vitenzi hawana. Ukiwa na opa, peremende na kalenda, huwezi kumuuliza opa aliogopa nini usiku ule meli ilipoyumba.

Basi nikujibu wewe uliyeuliza. Usianze na vitabu vya sarufi wala darasa la Jumamosi, vije baadaye. Anza na maneno ya mwili na ya nyumba. Mkaripie kwa Kiswahili, maana karipio halisahauliki. Mbembeleze akiumwa kwa Kiswahili: wapi panauma, geuka huku, kunywa kidogo, pole mwanangu. Mpe kazi jikoni na uite kila kitu jina lake, kuanzia mwiko hadi kung'uto. Akikujibu kwa Kiingereza usigombe na usijifanye kiziwi. Mjibu kwa Kiswahili, na kesho tena, na mwaka kesho. Mtachoka wote wawili. Kuna miaka, hasa akiwa na miaka kumi na minne, utadhani umeshindwa.

Wewe uliyeambiwa na mwalimu usimchanganye mtoto, mrudie mwalimu huyo kwa heshima zote. Mshukuru. Mwambie Kiingereza umemwachia yeye, na kwamba upande mwingine utaufanya mwenyewe.

Na wewe uliyecheka: Jumapili mpigie bibi, mpe mtoto simu, kisha toka chumbani ufunge mlango.